Madini adimu: Sumaku chakavu za Bujumbura zina soko gani?

BUJUMBURA - Mwishoni mwa Juni 2021 mgodi wa madini adimu wa Gakara, ulio umbali wa kilomita zipatazo 20 kusini mwa jiji hili, ulisimamisha kazi. Wakati huo ulitajwa kuwa mgodi pekee wa aina hiyo uliokuwa ukizalisha barani Afrika.

Hata hivyo, madini hayo hayajaacha kuingia Bujumbura. Huja kila siku yakiwa ndani ya kompyuta za mitumba, spika, simu, feni ndogo na mota za baiskeli na pikipiki za umeme. Vifaa hivyo vikifa, sehemu kubwa ya madini hayo hutoka mjini ndani ya shehena za vyuma chakavu, kwa bei ya kilo ya chuma.

Makala haya yanaeleza madini adimu ni nini, yanavyorejelezwa, na mfanyabiashara wa Burundi au wa nchi jirani anaweza kutarajia nini. Jibu kwa ufupi ni hili: biashara ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyosimuliwa, na faida iko kwa anayetenganisha sumaku kabla hazijachanganyika na chuma.

Madini adimu ni nini?

Ni kundi la elementi 17, nazo ni skandiamu, itriamu na nyingine 15 zinazoanzia lanthanamu. Jina "adimu" linapotosha kidogo. Madini haya yametapakaa sehemu nyingi duniani, ila ni nadra kuyakuta yamerundikana mahali pamoja, na kuyatenganisha moja moja ni kazi ngumu na ya gharama.

Yasichanganywe na koltani, kasiteriti au dhahabu, ambazo pia huchimbwa Burundi na mashariki mwa Kongo. Hayo ni madini mengine yenye soko na wanunuzi tofauti.

Kati ya elementi 17, manne ndiyo yanayobeba biashara ya nishati safi: neodimiamu, praseodimiamu, disprosiamu na terbiamu. Mawili ya kwanza huchanganywa na chuma na boroni kutengeneza sumaku zenye nguvu kuliko zote zinazouzwa. Sumaku hizo zilibuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mawili ya mwisho huongezwa kidogo ili sumaku ivumilie joto.

Karibu asilimia 30 ya uzito wa sumaku hiyo ni madini adimu. Mota ya gari la umeme huhitaji kilo moja hadi mbili za sumaku. Mtambo wa upepo usiotumia giaboksi huhitaji takriban kilo 600 kwa kila megawati moja.

Jambo moja linawachanganya wengi. Paneli za umeme wa jua hazina sumaku hizi, na betri za lithiamu hazitegemei madini adimu. Anayenunua paneli mbovu akidhani anapata neodimiamu amenunua kioo na alumini.

Gakara: mwamba tajiri, mapato yenye mgogoro

Madini ya Gakara yaligunduliwa mwaka 1936, enzi za utawala wa Wabelgiji. Yalichimbwa kwa vipindi kati ya 1948 na 1978, kisha mgodi ukalala kwa miaka mingi.

Mwaka 2015 serikali ya Burundi ilitoa leseni ya miaka 25 kwa mradi wa kampuni ya Rainbow, ambayo mwaka 2017 iliorodheshwa katika soko la hisa la London kwa jina la Rainbow Rare Earths. Serikali ilishika asilimia 10 ya kampuni ya hapa nchini. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2017. Mwamba ulichimbwa vilimani, ukachenjuliwa Kabezi, kando ya barabara ya ziwani, na makinikia yakauzwa nje kupitia kampuni ya Ujerumani ya thyssenkrupp.

Utajiri wa mwamba haukuwa na ubishi. Vipimo vilivyotolewa na kampuni vilionyesha mishipa yenye oksidi za madini adimu kati ya asilimia 47 na 67, kiwango ambacho ni nadra kuonekana popote duniani.

Ubishi ulikuja kwenye bei. Burundi ilikuwa ikiuza makinikia, yaani mchanganyiko ambao haujatenganishwa. Mchanganyiko huo hauna bei moja inayotangazwa hadharani kama dhahabu au kahawa. Hupangwa kati ya muuzaji na mnunuzi kwa kukata gharama za kutenganisha. Aprili 2021 serikali ilisitisha usafirishaji ikitaka ufafanuzi wa bei, na mwishoni mwa Juni uchimbaji na uchenjuaji navyo vikasimamishwa. Mwezi uliofuata kampuni nyingine kadhaa za madini nazo zilisimamishwa, serikali ikilalamika kuwa nchi haipati sehemu yake ya haki.

Somo hapo linamhusu pia muuza vyuma chakavu. Anayeuza mchanganyiko asioujua kilichomo hupewa bei na mnunuzi. Serikali ililiona hilo kwenye makinikia. Fundi wa Buyenzi hulikuta kwenye gunia la hadidiski.

Kwa nini dunia inageukia taka?

Sababu ya kwanza ni China. Nchi hiyo hutoa zaidi ya nusu ya madini adimu yanayochimbwa duniani, na hutenganisha karibu asilimia 90 yake. Mwaka 2010 ilibana mauzo, na bei zikapanda sana mwaka 2011. Aprili 2025 iliweka vibali vya lazima kwa kusafirisha nje elementi saba, zikiwamo disprosiamu na terbiamu, pamoja na sumaku zake. Baadhi ya viwanda vya magari vya Ulaya na Asia vilikosa vipuri ndani ya wiki chache.

Sababu ya pili ni sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya malighafi muhimu iliyoanza kutumika Mei 2024. Inalenga kwamba ifikapo 2030, uwezo wa urejelezaji ndani ya umoja huo utosheleze angalau asilimia 25 ya matumizi yake ya malighafi za kimkakati.

Sababu ya tatu ni kiasi kinachopotea. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022. Ni asilimia 22.3 tu iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Urejelezaji huo ulitosheleza karibu asilimia 1 tu ya mahitaji ya madini adimu. Barani Afrika, kiasi kinachorejelezwa kwa utaratibu rasmi hakifiki asilimia 1 ya taka zote hizo.

Wachimbaji wenyewe nao wamegeukia taka. Novemba 2020, miezi michache kabla ya Gakara kusimama, Rainbow iliingia makubaliano ya mradi wa Phalaborwa, Afrika Kusini. Huko hakuna kuchimba mwamba. Kuna vilima viwili vya jasi iliyobaki kwenye kiwanda cha asidi ya fosfori, zaidi ya tani milioni 30, zenye madini adimu yasiyofika nusu asilimia.

Mtu atauliza: kampuni inatokaje kwenye mwamba wa asilimia 50 kwenda kwenye taka ya nusu asilimia? Ni kwa sababu taka hiyo imekwisha kuchimbwa, kusagwa na kupitishwa kwenye asidi kwa gharama za mtu mwingine. Mwaka 2023 shirika la serikali ya Marekani la kufadhili maendeleo lilitangaza kutenga dola milioni 50 kwa ajili ya mradi huo kupitia kampuni ya TechMet.

Uganda inaonyesha sura hiyo hiyo. Kampuni ya Ionic Rare Earths ya Australia ina mradi wa udongo wa Makuutu, mashariki mwa nchi hiyo, uliopata leseni ya uchimbaji Januari 2024. Kampuni hiyo hiyo ilinunua mwaka 2022 teknolojia iliyotokana na Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, ya kurejeleza sumaku chakavu.

Urejelezaji unavyofanyika

Zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuitumia tena sumaku ilivyo. Ni rahisi, lakini sumaku hutengenezwa kwa umbo la kifaa fulani, hivyo haiendi popote.

Njia ya pili ni fupi. Sumaku huwekwa kwenye chombo chenye gesi ya haidrojeni, ikavunjika na kuwa unga, na unga huo ukafanywa sumaku mpya. Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ndiko njia hiyo ilikoendelezwa. Hutumia umeme kidogo, lakini hutaka sumaku safi za aina moja.

Njia ya tatu ni ndefu. Sumaku huyeyushwa kwa asidi, kisha elementi hutenganishwa kwa kupita hatua nyingi za vimiminika, wakati mwingine mamia. Njia hii hupokea sumaku mchanganyiko na kutoa oksidi safi, ila inataka mtaji mkubwa, kemikali nyingi na wataalamu. Kiwanda cha Caremag kinachojengwa Lacq, Ufaransa, kimepangwa kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo msomaji asitarajie kiwanda cha namna hiyo Bujumbura karibuni. Vituo vya kanda kama Enviroserve iliyoko Bugesera, Rwanda, na WEEE Centre ya Nairobi hufanya zaidi kazi ya kukusanya, kubomoa na kutenganisha. Kazi ya kikemia hufanyika mbali.

Sehemu inayoweza kufanyika hapa ni ile ya mwanzo, nayo ndiyo inayoamua kama madini yatapatikana au yatapotea. Kifaa kizima kikisagwa kwa mashine, sumaku hupasuka vipande na kung'ang'ania chuma. Chuma hicho kikiyeyushwa, madini adimu huishia kwenye takataka za tanuru na hayarudi tena.

Kifaa gani kina nini?

Hadidiski za kompyuta: kila moja huwa na sumaku mbili zenye umbo la upinde, za rangi ya fedha, zimegandishwa kwenye bamba la chuma. Hizi ni za neodimiamu. Hadidiski za kisasa zisizo na sahani ya kuzunguka hazina sumaku hizo.

Mota za magurudumu ya baiskeli na pikipiki za umeme: sumaku ziko kwa duara ndani ya ringi. Uzito wake hupimwa kwa mamia ya gramu. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi miaka ya karibuni umewafanya wengi waangalie vyombo vya umeme, hivyo mota hizi zitaongezeka kwenye taka za miaka ijayo.

Magari ya mseto ya petroli na umeme: mota yake ina sumaku za neodimiamu. Betri za nikeli za magari ya mseto ya zamani zina lanthanamu na seriamu, ambazo bei yake ni ndogo.

Spika: kuwa mwangalifu. Sumaku kubwa nyeusi au ya kijivu iliyofifia, inayovunjika kama kigae, ni feraiti na haina madini adimu. Sumaku ndogo ing'aayo kwenye spika za simu na za masikioni ndiyo ya neodimiamu, lakini ni ya gramu chache au pungufu.

Alteneta na stata za magari ya kawaida: kwa kawaida hazina. Zina shaba, na thamani yake iko huko.

Taa za mirija na taa ndogo za kubana umeme: unga wake una itriamu na europiamu, lakini pia zina zebaki. Zisivunjwe mikononi.

Hesabu ya mfanyabiashara

Hapa ndipo maneno mengi huishia. Tuchukue mfano wa hadidiski yenye gramu 15 za sumaku. Ili kupata tani moja ya sumaku zinahitajika hadidiski zipatazo 67,000. Ndani ya tani hiyo kuna takriban kilo 300 za madini adimu.

Kuhusu bei, Julai 2025 serikali ya Marekani iliihakikishia kampuni ya MP Materials bei ya chini ya dola 110 kwa kilo ya neodimiamu na praseodimiamu iliyochenjuliwa. Hiyo ni ahadi kwa kampuni moja. Soko la kawaida lilikuwa chini ya hapo kwa mwaka wote wa 2024.

Tukiitumia bei hiyo ya juu, kilo 300 ni dola 33,000. Kwa hadidiski moja ni chini ya nusu dola. Na hiyo ni thamani ya madini yaliyokwisha kutenganishwa. Mnunuzi wa sumaku chakavu hukata gharama za usafiri, kusafisha, asidi na faida yake kabla ya kumlipa aliyekusanya.

Maana yake ni kwamba sumaku peke yake hazilipi lori la kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam au Mombasa. Zinalipa pale zinaposafiri pamoja na bidhaa nyingine zilizotolewa kwenye kifaa hicho hicho: bodi zenye dhahabu, alumini ya gamba na shaba ya mota. Aliyekwisha kulipia ubomoaji kwa ajili ya shaba huipata sumaku kwa gharama ndogo sana. Aliyebomoa kwa ajili ya sumaku tu hupata hasara.

Pia bei hupanda na kushuka kwa ghafla. Kampuni ya kemikali ya Solvay ilianza mwaka 2012 kurejeleza madini adimu ya taa nchini Ufaransa. Mwaka 2016 ilifunga shughuli hiyo, kwa sababu bei zilikuwa zimeanguka na taa za kisasa zikachukua soko. Ikiwa kampuni kubwa iliumia, mkopo wa benki wa mfanyabiashara mdogo usiwekwe kwenye bei ya leo.

Mpakani: karatasi zinazohitajika

Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki, ziwe za hatari au la, zipate ridhaa kabla ya kuvuka mpaka. Burundi ni mwanachama wa mkataba huo. Nchi inayotuma hutoa taarifa, nchi inayopokea na zile za njiani hukubali kwa maandishi, ndipo mzigo huondoka. Mzigo wa Burundi unaopitia Tanzania kwenda Ulaya unahitaji ridhaa za pande zote hizo.

Upande wa forodha, namba za bidhaa zinazohusika ni hizi:

- 8549: taka na mabaki ya vifaa vya umeme na kielektroniki
- 8505: sumaku
- 7204: vyuma chakavu
- 2846: michanganyiko ya madini adimu, kama vile oksidi

Anayetangaza gunia la sumaku chini ya 7204 ameliuza kwa jina la chuma, na akikaguliwa anaweza kushtakiwa kwa maelezo ya uongo. Kama sumaku zilizokwisha kutenganishwa zihesabiwe bidhaa au taka ni swali la kuulizwa mapema kwa Mamlaka ya Mapato (OBR) na Ofisi ya Kulinda Mazingira (OBPE), kisha kwa nchi ya njiani. Wakala wa forodha asiachiwe kukisia.

Sera za nchi nazo hubadilika. Januari 2022 Kenya ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa, kisha ikaifungua tena mwaka huo huo kwa masharti mapya. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Hivyo kiwanda cha Bugesera, kilicho jirani kabisa na kaskazini ya Burundi, kikawa mbali kuliko bandari za bahari kwa mzigo wa Bujumbura. Kabla ya kununua mzigo, uliza kwanza hali ya njia.

Usalama

Sumaku mbili kubwa zikivutana huweza kuponda kidole, na vipande vyake huruka machoni. Unga wa sumaku hizi huwaka moto kirahisi, kwa hiyo usikatwe kwa mashine bila maji. Kwa ndege, sumaku nyingi pamoja huhesabiwa mzigo wa hatari.

Kuchoma vifaa ili kupata chuma au shaba haraka huharibu sumaku na hutoa moshi wenye sumu. Kuyeyusha sumaku kwa asidi uani hakuna faida: kinachopatikana ni tope lisilo na mnunuzi, na maji machafu ambayo katika jiji hili mwisho wake ni Ziwa Tanganyika.

Nini kifanyike?

Kwa fundi na mkusanyaji: tenga sanduku la sumaku za neodimiamu, mbali na feraiti na chuma. Zisafishe mabamba, zipime na uandike zilitoka kwenye kifaa gani. Mnunuzi hulipia usafi na uhakika wa aina.

Kwa wafanyabiashara: unganeni. Hakuna anayeweza kujaza tani moja peke yake kwa muda mfupi, lakini ofisi, benki, vyuo na mashirika yanayotupa kompyuta kwa mamia yanaweza kuingia mkataba na kikundi kimoja.

Kwa serikali: sheria inayotambua sumaku chakavu kama bidhaa yenye jina lake ingesaidia pande zote mbili. OBR ingepata takwimu, na muuzaji angepata bei. Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki (EACO) lina mkakati wa kanda wa taka za kielektroniki, na Burundi ni mwanachama wake.

Siku Gakara itakapofunguliwa tena, swali la mwaka 2021 litarudi mezani: ndani ya gunia kuna nini, na kina thamani gani? Wafanyabiashara wa vyuma chakavu hawana haja ya kusubiri siku hiyo. Swali hilo wanaweza kulijibu kwa bisibisi na mizani.